Jinsi ya kuidai kampuni majibu inapofanya biashara kwenye ardhi inayokaliwa kwa mabavu

Mwanzoni mwa Mei 2017 meli ya mizigo iitwayo NM Cherry Blossom ilisimama Port Elizabeth, Afrika Kusini, ikiwa njiani kuelekea New Zealand. Ilikuwa imebeba zaidi ya tani 50,000 za fosfeti, madini yanayotengenezewa mbolea. Fosfeti hiyo ilichimbwa Bou Craa, Sahara Magharibi, ikapita juu ya mkanda wa mitambo wenye urefu wa karibu kilomita 100 hadi pwani ya El Aaiún, ikapakiwa melini. Wasahrawi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao imeshikwa na Morocco tangu 1975, wakaenda mahakamani kudai mali yao. Meli ikazuiwa. Februari 2018 Mahakama Kuu ya Afrika Kusini ikaamua kwamba mzigo ule wote ulikuwa mali ya Jamhuri ya Wasahrawi, na kwamba walioupeleka sokoni hawakuwa na haki ya kuuuza.

Kilichoifunga meli ile gatini ni taarifa chache zilizokamilika: jina la meli, mzigo, bandari ya kupakia, bandari ya kupitia, mnunuzi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzikusanya taarifa za aina hiyo na kuzitumia. Nauandika kwa ajili ya mwandishi wa habari, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mchangiaji wa mfuko wa pensheni, mwanasheria kijana, au mtu yeyote aliyeona jina la kampuni mahali ambapo halikupaswa kuwepo.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika jambo moja. Utetezi wa kampuni nyingi huanza na neno "hatukujua". Na kesi nyingi husimama au huanguka kwa swali la kujua: walijua nini, lini, na wakafanya nini baada ya kujua. Kampuni ya ndizi ya Chiquita ilikiri kosa huko Marekani mwaka 2007 na kutozwa faini ya dola milioni 25 kwa sababu iliendelea kuwalipa wanamgambo wa Kolombia waliokuwa wamekwisha kuorodheshwa kuwa magaidi, hata baada ya mawakili wake wenyewe kuishauri iache. Kwa hiyo kazi yako yote, tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, ni kulifanya neno "hatukujua" lisiweze kutamkwa tena.

Hatua ya 1: Thibitisha hadhi ya ardhi

Usianze na kampuni. Anza na ardhi. Wengi huruka hapa, kisha hujikuta wanabishana na afisa uhusiano wa kampuni kuhusu historia badala ya biashara.

Kanuni za Hague za 1907 zinasema ardhi inakaliwa pale inapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Anayekalia hawi mwenye mali. Kwa mali ya umma kama misitu na mashamba, kifungu cha 55 kinamweka katika nafasi inayofanana na ya mlezi wa shamba la yatima: anaweza kuvuna kwa kiasi, lakini shamba lenyewe hana ruhusa ya kulimaliza wala kuliuza. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unakataza uporaji katika kifungu cha 33, na katika kifungu cha 49 unamkataza mkaliaji kuhamishia raia wake kwenye ardhi anayoikalia. Vifungu hivyo vichache vinatosha kuanzia.

Kisha tafuta tamko rasmi kuhusu ardhi unayoishughulikia, liandike pamoja na tarehe yake. Kwa Palestina, Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilitoa maoni tarehe 19 Julai 2024 kwamba uwepo wa Israel katika maeneo iliyoyakalia tangu 1967 ni kinyume cha sheria na unapaswa kukoma haraka iwezekanavyo, na kwamba mataifa yazuie uhusiano wa biashara na uwekezaji unaosaidia kuidumisha hali hiyo. Kwa Crimea, rasi ya Ukraine iliyotwaliwa na Urusi, lipo azimio namba 68/262 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Machi 2014, na marufuku ya Umoja wa Ulaya ya kuingiza bidhaa zake, ya mwaka huohuo. Kwa Sahara Magharibi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2016 kwamba ni ardhi tofauti na Morocco, na mikataba haiwezi kuigusa bila ridhaa ya watu wake. Msimamo huo ukarudiwa Oktoba 2024.

Afrika tulikuwa na somo hili mapema. Mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilitoa Amri Namba 1, iliyokataza kuchimba au kusafirisha maliasili ya Namibia bila idhini yake, wakati nchi hiyo ilikuwa bado chini ya utawala wa makaburu. Na mwaka 2005, katika kesi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamua kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri, mashariki mwa Kongo, na kwamba ilikuwa na wajibu wa kuzuia uporaji wa maliasili hata ule uliofanywa na watu binafsi. Mwaka 2022 ikaamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo zilikuwa kwa ajili ya maliasili. Hukumu hiyo tunaitaja mara chache mno kuliko inavyostahili.

Kama eneo lako lina vita lakini halikaliwi na jeshi la nchi nyingine, swali hubadilika. Hapo uliza: nani anatoza ushuru mgodini, barabarani na sokoni? Kundi la waasi la M23 liliuteka mji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba lilikuwa likipata takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani. Kampuni inayonunua tantali, metali itokayo kwenye koltani, haihitaji kuwa na ofisi Rubaya ili ihusike. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lina mwongozo maalumu wa madini yatokayo maeneo ya migogoro, na tangu Januari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimu waagizaji wakubwa wa bati, tantali, wolframu na dhahabu kuchunguza chanzo cha madini hayo.

Hatua ya 2: Kampuni moja, kitu kimoja, mahali pamoja

"Kampuni za kimataifa zinanufaika na vita." Sentensi hiyo haimtoi mtu jasho. Hii hapa inamtoa: "Kampuni yenu tanzu ilipeleka katapila mbili kwenye eneo hili, tarehe hii." Punguza upana mpaka ubaki na uzi mmoja unaoweza kuushika.

Njia nzuri ya kupunguza ni kujiuliza ni shughuli ya aina gani hasa. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Machi 2016, liliagiza itengenezwe orodha ya kampuni zinazohusika na makazi ya walowezi wa Israel, na ikatajwa mikondo 10 ya kuangalia. Imo mitambo ya ujenzi na ya kubomolea nyumba, vifaa vya upelelezi, huduma za ulinzi, usafiri na huduma nyingine zinazoyaendesha makazi hayo, mikopo ya nyumba ya mabenki, matumizi ya maji na ardhi, hata utupaji wa taka. Mikondo hiyo ilitungwa kwa ajili ya Palestina, lakini mimi huitumia kama kichujio kwa ardhi yoyote inayokaliwa. Ipitie mmoja mmoja, ujiulize kampuni yako inaangukia wapi.

Orodha yenyewe ilitoka Februari 2020 ikiwa na kampuni 112, na toleo la Septemba 2025 lilikuwa na 158. Iangalie mapema. Kampuni yako ikiwemo, nusu ya safari umekwenda. Isipokuwemo, usikate tamaa wala usiisafishe kwa sababu hiyo: orodha inahusu makazi ya walowezi wa Israel peke yake, na shughuli za mikondo ile tu.

Hatua ya 3: Fuata karatasi

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda.

Anza na ripoti ya mwaka ya kampuni mama. Kurasa za mbele zina picha za watoto wanaotabasamu. Wewe nenda nyuma, kwenye orodha ya kampuni tanzu na ubia. Andika kila jina lenye anwani katika nchi inayokalia, kisha lipeleke kwa msajili wa makampuni wa nchi hiyo uone wakurugenzi na wenye hisa. Baada ya hapo tafuta matangazo ya zabuni za serikali na manispaa, kwa sababu mkandarasi anayeshinda zabuni hutangazwa hadharani. Tafuta na matangazo ya ajira. Kampuni inayokana kuwa na kituo mahali fulani huweza kutangaza nafasi ya fundi wa kituo hichohicho.

Kwa mzigo unaosafiri, karatasi kuu ni hati ya shehena, inayotaja mpeleka mzigo, mpokeaji, bandari na uzito. Baadhi ya nchi huuza takwimu za forodha zenye taarifa hizo. Meli kubwa hurusha ishara ya mahali zilipo, na zipo tovuti za bure zinazoonyesha bandari zilimopita. Ukiona meli ya mizigo imelala siku mbili kwenye gati la El Aaiún, kisha ikaondoka ikiwa imezama zaidi majini kuliko ilivyoingia, umeshapata swali la kumuuliza mwenye mzigo.

Picha za setilaiti husaidia kwa majengo. Pakua picha ya miaka mitatu tofauti ya sehemu ileile, zipange kwa tarehe: uwanja mtupu, msingi, paa. Kampuni ikisema "tumekuwepo hapa tangu zamani", picha zitajibu.

Na usidharau lebo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Novemba 2019 kwamba chakula kitokacho kwenye makazi ya walowezi lazima kitaje hivyo, si kuandikwa "Israel" tu. Tarehe 4 Oktoba 2024 ikaamua kwamba matikiti na nyanya zilizovunwa Sahara Magharibi lazima zitaje Sahara Magharibi, si Morocco. Kwa hiyo boksi la matikiti kwenye duka la Ulaya ni ushahidi. Ukiwa na mtu huko, mwombe apige picha nne: boksi lote likiwa rafuni, lebo kwa karibu mpaka herufi ndogo zisomeke, namba ya kituo cha ufungashaji, na risiti yenye tarehe. Namba ya ufungashaji ndiyo roho ya picha hizo. Jina la nchi lililoandikwa juu linaweza kupotosha. Namba hukupeleka mpaka kwenye banda ambamo boksi lilifungwa, na banda lina mahali pake kwenye ramani.

Karatasi nazo hudanganya. Kampuni ya Siemens ya Ujerumani iliuza turbini za gesi kwa mradi wa umeme wa Taman, kusini mwa Urusi. Mwaka 2017 ikabainika kwamba turbini nne zilikuwa zimepelekwa Crimea. Mkataba ulisema Taman, macho yaliziona bandarini Sevastopol. Ndiyo maana kila jambo unalodai linahitaji vyanzo viwili visivyotegemeana: karatasi na picha, au karatasi na shahidi, au picha na rekodi ya meli.

Weka daftari la ushahidi tangu siku ya kwanza. Jedwali la safu tano linatosha: nini, kimetoka wapi, nilikipata lini, nakala iko wapi, kinathibitisha nini. Safu ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo itakayokuokoa. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikuwa na mafaili mengi na hasira nyingi, na mwanasheria aliyeyapitia akaniuliza kwa upole, "Hii karatasi inathibitisha nini hasa?" Zaidi ya nusu sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sihifadhi kitu bila kukiandikia sentensi moja ya kusema kinathibitisha nini. Na kila ukurasa wa tovuti uhifadhi papo hapo, kwa picha na kwa nakala ya kumbukumbu ya intaneti, maana kurasa hizo hutoweka usiku mmoja baada ya barua yako kufika.

Hatua ya 4: Pima uzito wa uhusiano

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizopitishwa Juni 2011 baada ya kazi ya miaka mingi ya Profesa John Ruggie, zinagawa uhusiano katika ngazi tatu. Kampuni inaweza kusababisha madhara yenyewe. Inaweza kuchangia, yaani kumwezesha au kumchochea mwingine. Au inaweza kuhusishwa moja kwa moja kupitia bidhaa, huduma au mshirika wake wa biashara. Ngazi huamua udai nini. Anayesababisha au kuchangia anapaswa kuacha na kufidia. Anayehusishwa tu anapaswa kutumia ushawishi wake kwa mshirika, na ushawishi ukishindwa, afikirie kuondoka.

Chukua Kilwa. Sizungumzii Kilwa ya pwani. Hii ni ya Katanga, ukingoni mwa Ziwa Mweru, bandari iliyokuwa ikipitisha shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi wa kampuni ya Anvil Mining. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Jeshi la Kongo likaja kuwatoa, na zaidi ya watu 70 wakafa. Magari ya kampuni yalitumika na jeshi, na ndege iliyokodiwa na kampuni ikasafirisha askari. Kampuni ilisema ililazimishwa na serikali. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi iliwaachia huru wafanyakazi wake wa zamani. Familia hazikuchoka: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaitia hatiani serikali ya Kongo na kutaka walalamikaji walipwe fidia ya dola milioni 2.5, uamuzi uliotangazwa mwaka 2017. Ukiitazama Kilwa kwa ngazi zile tatu, bunduki zilikuwa za jeshi, na gari lilikuwa la kampuni. Nani aliendesha? Nani alijaza mafuta? Nani aliuliza gari linakwenda wapi? Maswali madogo kama hayo ndiyo hutofautisha kuhusishwa na kuchangia.

Usipandishe ngazi kuliko ushahidi wako. Ukiiita kampuni muuaji na ulichonacho ni hisa asilimia tano katika ubia, utakuwa umewapa mawakili wake kazi rahisi, na huenda ukashtakiwa kwa kashfa. Tumia maneno ya ushahidi wenyewe: "ripoti yenu inaonyesha", "picha ya tarehe fulani inaonyesha". Hayo hayashtakiki kirahisi.

Hatua ya 5: Walinde waliokupa habari

Kwa umuhimu hii ingekuwa ya kwanza. Nimeiweka hapa ili uisome wakati tayari una majina ya watu mkononi. Dereva, mchimbaji, karani wa bandari: wao wanabaki pale wewe ukiwa umefunga kompyuta. Jina la shahidi lisikae kwenye faili moja na maelezo yake. Futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha kabla ya kuzituma kokote, lakini hifadhi asilia yake mahali salama kwa ajili ya mahakama. Muulize shahidi mara mbili kama anakubali maelezo yake yatumike: siku anapoyatoa, na siku unapokaribia kuyatumia. Akisema hapana mara ya pili, iondoe sehemu yake hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Na jiulize kama maelezo yenyewe yanaweza kumtaja bila jina. Kama watu watatu tu waliiona karatasi ile, kunukuu karatasi ile ni kumtaja mmoja wao.

Hatua ya 6: Andika barua

Hii ndiyo siku ambayo "hatukujua" hufa. Kuanzia tarehe ya kupokelewa kwa barua yako, kampuni inajua. Kwa hiyo itume kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, kwa Mkurugenzi Mtendaji, na nakala kwa katibu wa kampuni. Barua pepe peke yake haitoshi. Iwe fupi, yenye adabu, isiyo na vitisho. Mfano:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, tunakuandikia kuhusu kituo chenu kilichopo (mahali). Kwa mujibu wa ripoti yenu ya mwaka (mwaka), ukurasa wa (namba), kampuni yenu tanzu (jina) ndiyo inayokiendesha. Picha tulizoambatanisha, za tarehe (tarehe), zinaonyesha kazi ikiendelea. Mahali hapo pamo ndani ya ardhi ambayo (chombo), tarehe (tarehe), kilitamka kwamba inakaliwa kinyume cha sheria. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya (tarehe). Kwanza, je, taarifa hizi ni sahihi? Kama kuna kosa, tafadhali tusahihisheni. Pili, ni uchunguzi gani wa tahadhari mlioufanya kabla ya kuanza shughuli hapo, na nani aliufanya? Tatu, wenyeji wa ardhi hiyo waliridhia vipi, na kupitia nani? Nne, mna mpango gani wa kuacha shughuli hizo na kuwafidia walioathirika?"

Swali la kwanza usiliondoe kamwe. Likijibiwa, unapata masahihisho au kukiri. Lisipojibiwa, una barua inayoonyesha kwamba walipewa nafasi ya kusahihisha wakakaa kimya. Wape siku 21 au 30, na usichapishe chochote kabla ya hapo.

Majibu nayo yana mtindo wake. "Tunafuata sheria zote za nchi husika": uliza nchi ipi, kwa sababu sheria ya mkaliaji ndiyo inayobishaniwa, na Kanuni Elekezi zinasema wajibu wa kuheshimu haki za binadamu uko juu na zaidi ya kufuata sheria za ndani. "Tunawapa wenyeji ajira": Mwaka 2002 Hans Corell, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliliandikia Baraza la Usalama kwamba uchimbaji Sahara Magharibi ukiendelea bila kujali maslahi na matakwa ya watu wake utavunja kanuni za sheria ya kimataifa. Angalia maneno mawili hapo, maslahi na matakwa. Ajira inaweza kujibu la kwanza. La pili linajibiwa na wenye ardhi tu. "Sisi hatuko upande wowote": hujadai wachague upande, umeuliza kuhusu mtambo, tani na tarehe. Rudi kwenye maswali yako manne, kwa utulivu uleule.

Hatua ya 7: Chagua mlango wa kubisha

Milango ipo mingi, nguvu yako ni moja. Chagua mmoja au miwili.

Wenye hisa. Mlango huu husahaulika na mara nyingi ndio hufunguka. Mifuko ya pensheni inamiliki sehemu za kampuni hizi, na baadhi ina kanuni za maadili. Mwaka 2011 mfuko mkuu wa pensheni wa serikali ya Norway uliziondoa kampuni za FMC na PotashCorp kwa kununua fosfeti ya Sahara Magharibi. Kampuni iliyotokana na PotashCorp, yaani Nutrien, iliacha manunuzi hayo mwishoni mwa 2018. Miaka saba. Ukianza leo, panga kwa muda wa aina hiyo. Tafuta mfuko wenye hisa, usome sera yake ya uwekezaji, uuandikie ukinukuu sera hiyo kifungu kwa kifungu.

Vituo vya OECD. Zaidi ya nchi 50 zimekubali kuwa na kituo cha taifa kinachopokea malalamiko dhidi ya kampuni zao, popote madhara yalipotokea. Si mahakama, hakihitaji wakili, na hakitozi ada. Oktoba 2013 shirika la mazingira la WWF lilipeleka kwenye kituo cha Uingereza lalamiko dhidi ya kampuni ya mafuta ya SOCO, iliyokuwa ikitafuta mafuta ndani ya hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Juni 2014 pande mbili zikatoa tamko la pamoja na SOCO ikaahidi kuacha. Si mara zote mambo huwa mepesi hivyo. Katika lalamiko dhidi ya kampuni ya ulinzi ya G4S kuhusu vifaa vyake kwenye vituo vya ukaguzi na magereza ya Israel, kituo hichohicho kilisema mwaka 2015 kwamba kampuni haikutimiza wajibu wake wa kushughulikia madhara inayohusishwa nayo, lakini kikakataa sehemu nyingine za lalamiko. Hata hivyo, tamko rasmi la namna hiyo ni karatasi nzito ya kuambatanisha kwenye barua inayofuata.

Mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu hushtaki watu, haishtaki kampuni. Itifaki ya Malabo ya Umoja wa Afrika, ya mwaka 2014, ingeruhusu kampuni kushtakiwa katika mahakama ya Afrika, lakini nchi zetu hazijairidhia kwa idadi inayotakiwa, na hilo linaniumiza kila ninapoliandika. Zilizobaki ni mahakama za kitaifa. Uholanzi ilimfunga mfanyabiashara Frans van Anraat kwa kumuuzia Saddam Hussein malighafi za silaha za kemikali. Lafarge ilikiri kosa huko Marekani Oktoba 2022 na kukubali kulipa karibu dola milioni 778 kwa kuwalipa wapiganaji wa Dola la Kiislamu ili kiwanda chake cha saruji Syria kiendelee kufanya kazi. Uswidi ilianza Septemba 2023 kuwashtaki wakuu wawili wa zamani wa kampuni ya mafuta ya Lundin kwa kusaidia uhalifu wa kivita katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, kati ya 1999 na 2003. Wote wawili wanakana. Hesabu miaka iliyopita hapo, utaelewa kwa nini nimesisitiza daftari. Mlango huu usiuguse bila wakili, na mpe safu zote tano.

Forodha na mamlaka za masoko. Kwa bidhaa yenye lebo ya uongo, au iliyo chini ya marufuku kama zile za Crimea, lalamiko kwa mamlaka ya nchi inayoingiza linaweza kutosha. Picha zako nne za boksi zinaanzia kazi hapa.

Hatua ya 8: Kampuni ikisema inaondoka

Usifunge faili. Novemba 2018 Airbnb, kampuni ya kukodishia watu nyumba kwa mtandao, ilitangaza kuondoa kwenye tovuti yake takriban nyumba 200 zilizokuwa kwenye makazi ya walowezi Ukingo wa Magharibi. Aprili 2019 ikabadili uamuzi, ikaziacha, na kusema faida yake itaipeleka kwenye misaada. Miezi mitano tu.

Kwa hiyo kampuni ikitangaza kujitoa, iandikie tena wiki hiyohiyo. Shukuru, kisha uliza: mkataba unaisha tarehe gani? Kituo mnamwachia nani? Kuuza hisa hakuhamishi kiwanda. Hubadilisha jina mlangoni, na mara nyingine mnunuzi ni mbia yuleyule. Wafanyakazi wenyeji mnawalipa nini? Faida ya miaka iliyopita inakwenda kwa nani? Mnunuzi mpya mmempa nakala ya barua zetu? Swali hilo la mwisho lina maana kubwa, maana likijibiwa "ndiyo", mnunuzi naye anajua kuanzia siku ya kwanza.

Weka alama kwenye kalenda: miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Kila tarehe ikifika, pakua picha mpya ya setilaiti ya paa lilelile, pitia upya orodha ya kampuni tanzu na matangazo ya ajira, ujaze safu zako tano. Kisha tuma barua nyingine, ukitaja ya kwanza kwa tarehe yake.